Bure Sio Huru: Mwongozo Kamili wa Kuhamia Debian Kwenye Laptopu ya Mtumba, Mpaka Kuweka Programu Yako Chini ya GPL

Kila anayeniletea laptopu nimwekee Linux swali lake la kwanza ni moja, "hii ni bure?" Namjibu ndio ni bure, ila hiyo bure ndo sehemu ndogo kuliko zote. Wazungu hapa lugha yao imewapiga chenga, neno lao moja, "free", limebeba "hulipi hela" na pia "hujafungwa", kwa hiyo wana miaka arobaini wanaelezana tofauti na bado hawajamalizana. Sisi maneno yetu yametulia. Bure ni lifti ya bure, maji ya bure. Huru ni habari nyingine. WhatsApp iliyoko kwenye simu yako ni bure lakini sio huru, huwezi kuifungua uone inafanya nini ndani, huwezi kuibadilisha, na huwezi kuigawa ukiwa umeibadilisha. Debian, mfumo wa Linux tutakaouinstoli hapa, ni bure na ni huru, na huo uhuru haujategemea roho nzuri ya mtu, umeandikwa kwenye leseni kwa lugha ya kisheria.

Kwa hiyo tutafanya mambo mawili. Kwanza tunainstoli mfumo kwenye laptopu, hatua kwa hatua. Alafu tunaingia kwenye leseni zenyewe, mana huko ndo watu wanaruka na ndo huko kuna hela na kesi.

Historia kidogo tu ili ujue majina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman alikuwa anafanya kazi maabara ya akili bandia pale MIT, Marekani, wakaletewa printa ya Xerox iliyokuwa inakwama karatasi. Printa yao ya zamani walikuwa wameiongezea kodi ya kuwaambia watu karatasi ikikwama (kodi ya kompyuta, yaani maandishi yanayotengeneza programu, sio ile ya TRA), hii mpya ikaja bila kodi yake, jamaa akaenda kumuomba mtu aliyekuwa nayo akanyimwa. Hasira hiyo haikuisha. Tarehe 27 Septemba 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, mwaka 1985 ikaanzishwa Free Software Foundation, na Februari 1989 ikatoka toleo la kwanza la leseni ya GPL. Toleo la 2 likaja Juni 1991, la 3 Juni 2007. Katikati hapo mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa Linux mwaka 1991, ambayo ni keneli tu, yaani ule moyo unaoongea na vifaa, na mwaka 1992 akaihamishia kwenye GPL. Debian ilianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, inaunganisha keneli ya Linux, zana za GNU na maelfu ya programu zingine kuwa kitu kimoja unachoweza kuinstoli. Ndo maana wengine wanasisitiza uite GNU/Linux. Mimi nikiwa na haraka nasema Linux, mnisamehe.

Uhuru wenyewe ni wa aina nne, wameuhesabu kuanzia sifuri kama watu wa kompyuta walivyo: 0 kuitumia kwa kazi yoyote, 1 kuichunguza inavyofanya kazi na kuibadilisha, 2 kugawa nakala, 3 kugawa nakala ulizobadilisha wewe. Shika hizo namba, tutazirudia.

Hatua ya 1: Angalia laptopu yako na uokoe vitu vyako

Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo kama used ni ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani. Mashine imara kabisa, tatizo Windows 10 masasisho yake ya kawaida ya usalama yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo mashine nyingi za kabla ya 2018 hazimo kwenye orodha yake. Sasa mtu ana i5 yenye RAM ya GB 4 inafanya kazi vizuri tu, anaambiwa ni takataka. Sio takataka. GB 4 inatosha Debian yenye Xfce, GB 2 unaweza kuvumilia na LXQt (zote mbili ni desktopu nyepesi) japo kivinjari kitakuwa kinakulia taimingi ukifungua tabo kumi. Ukiwa na hela ya kuboresha kitu kimoja tu, nunua SSD kabla ya RAM, utafikiri umebadilisha kompyuta.

Hakikisha ni ya biti 64. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiinstolia cha kompyuta za biti 32. Mashine yoyote ya miaka kumi na tano iliyopita mara nyingi iko sawa.

Bakapu. Narudia, bakapu, kwenye diski ya nje au kwa ndugu mwenye nafasi. Kama unabaki na Windows pembeni, zima Fast Startup kwenye mipangilio ya pawa, na kama BitLocker (kufuli la diski la Windows) imewashwa andika ile namba ndefu ya kurejesha kwenye karatasi kabla hujagusa chochote, la sivyo Windows siku ya pili inaweza kukuuliza hiyo namba na wewe huna.

Jambo lingine ambalo watu wa Linux hawapendi kusema: kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu ya Windows tu, au Photoshop, au faili za Excel zenye makro nzito za ofisini, usifute Windows. Weka mifumo miwili. Nimeona mtu anafuta kwa jazba Ijumaa, Jumatatu bosi anataka ripoti.

Hatua ya 2: Pakua na uhakiki

Nenda debian.org, chukua faili la netinst la amd64. Hilo jina lisikutishe, amd64 ni kwa Intel pia. Netinst ni chini ya GB 1 lakini wakati wa kuinstoli itavuta vitu vingine mtandaoni, kwa hiyo ukitaka desktopu kamili andaa bando la kama GB 2 au 3 juu yake. Kama intaneti yako ni ya kupima, afadhali upate imeji (faili la kuinstolia) kubwa ya DVD kwa mtu mwenye faiba, uinakili kwenye flashi. Na hapo umeshatumia uhuru namba 2 bila kujua, kunakiliana ni halali kabisa, hakuna kriki hapa wala ufunguo wa kutafuta.

Ukishapakua usikimbilie flashi. Pale ulipochukua imeji kuna faili linaitwa SHA256SUMS, lina alama ndefu ya kila imeji. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

certutil -hashfile debian.iso SHA256

Kwenye Linux ni:

sha256sum debian.iso

(badilisha debian.iso kwa jina la faili lako). Alama ikifanana na iliyoko kwenye orodha endelea, isipofanana futa upakue upya. Hii inachukua dakika moja na inakuokoa na lile tatizo la instoleshoni kukwama asilimia 63 unaanza kulaumu laptopu, kumbe faili lilikatika bando lilipoisha.

Hatua ya 3: Andaa flashi

Flashi ya GB 4 inatosha netinst, na itafutwa yote. Kwenye Windows tumia Rufus, ambayo nayo ina leseni ya GPL, ikikuuliza uandike kwa njia ya ISO au DD chagua DD. Kwenye Linux kwanza andika lsblk uone flashi inaitwaje, alafu:

sudo cp debian.iso /dev/sdX
sync

Hiyo X ndo herufi ya flashi yako na hapa ndo pa kuvuta pumzi. Mimi mwaka fulani niliandika sdb wakati flashi ilikuwa sdc, sdb ilikuwa diski ya nje ya shemeji yangu yenye picha za sendoff yake, sekunde chache tu nikaona taa ya diski inawaka nikajua nimekwisha. Picha nyingine nilizirudisha kwa programu inaitwa PhotoRec, ambayo nayo ni GPL, nyingine mpaka leo tukikutana mazungumzo hayanogi. Angalia ukubwa kwenye lsblk. Flashi ya GB 8 haiwezi kuonekana GB 931.

Hatua ya 4: Instoli

Chomeka flashi, washa laptopu huku unagonga kitufe cha menyu ya kubuti, Lenovo na Dell ni F12, HP ni F9 au Esc. Secure Boot huna haja ya kuizima, Debian inaielewa tangu toleo la 10. Chagua Graphical install.

Maswali ya mwanzo ni mepesi, lugha weka Kiingereza kwa sasa, nchi ingia Other, Africa, Tanzania au Kenya au ulipo, kibodi American English mana ndo inayofanana na kibodi nyingi za huku. Waifai nyingi zitaonekana zenyewe. Zamani hapa ndo palikuwa kaburi la wageni, kwa sababu fayamwea za waifai (programu ndogo zinazoendesha chipu yenyewe) sio huru na Debian ilikuwa haiziweki kwenye imeji rasmi. Mwaka 2022 wakapiga kura wakakubali kuziweka, kuanzia Debian 12 zimo. Wapo waliokasirika na hoja wanayo, ila mtu mwenye laptopu moja na hana waya wa neti alikuwa anaishia kurudi Windows, sasa uhuru gani huo. Kama chipu yako ni Broadcom, mfano MacBook za zamani, inaweza kugoma. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB uwashe kushea intaneti, mara nyingi kiinstolia kitaiona kama waya wa kawaida.

Ukifika kwenye nywila ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), iache wazi. Usiandike kitu, bonyeza Continue. Ukiiacha wazi, akaunti yako ya kawaida itapewa sudo, yaani ruhusa ya kuamrisha kama msimamizi, moja kwa moja. Ukiijaza, ukimaliza utaandika sudo uambiwe haumo kwenye orodha ya sudoers, na swali hilo nimeulizwa zaidi ya maswali mengine yote nikijumlisha.

Sasa diski. Kama unafuta kila kitu chagua Guided, use entire disk, alafu All files in one partition. Usihangaike na mapartisheni kumi uliyoyaona YouTube. Kama laptopu unatembea nayo kwenye daladala chagua ile ya Guided yenye encrypted LVM, itafunga diski nzima kwa nywila, mwizi atauza chuma lakini hatasoma barua zako. Ila ukisahau hiyo nywila hakuna fundi wa kukusaidia, hata mimi usinipigie. Kama unabaki na Windows, nafasi uitengeneze kabla ukiwa ndani ya Windows kwenye Disk Management, punguza C kwa GB 40 au zaidi, alafu huku chagua use the largest continuous free space. Kabla ya kukubali soma ile orodha ya mwisho ya vitakavyofutwa. Soma kweli, sio kupitisha macho.

Kioo kikiuliza mira (seva yenye nakala) ya kuvuta pakeji weka deb.debian.org. Kwenye uchaguzi wa desktopu toa tiki GNOME uweke Xfce kama mashine ni ya kizamani, acha standard system utilities. GRUB, ile programu ya kuwashia mfumo, mwisho kubali. Inajiwasha upya, toa flashi, umeingia.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza ndani ya Debian

Fungua terminali. Najua wengi mnaogopa ile dirisha nyeusi, lakini kumuelekeza mtu amri moja ya kunakili ni rahisi kuliko kumwambia bonyeza pale juu kulia, hapana sio hapo, kulia kabisa.

sudo apt update
sudo apt upgrade
sudo apt install libreoffice vlc gimp keepassxc hunspell-sw

Hiyo ya mwisho ni kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili kwenye LibreOffice, wengi hawajui kama ipo. Na Kiswahili kwenye programu huria hakijaanza jana, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima menyu zake kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mtu yeyote aone kama soko la Kiswahili linalipa. Kodi ilikuwa wazi, wakatafsiri.

Ukitafuta kitu andika apt search na neno, ukitaka maelezo apt show na jina la pakeji. Usizoee kupakua mafaili hovyo kwenye tovuti kama Windows, karibu kila kitu kipo kwenye hazina ya Debian na kimesainiwa.

Ukimaliza hayo instoli vim pia, programu ya kuandikia maandishi, hata kama hutaitumia, ifungue uandike :help uganda. Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki Agosti 2023, aliwahi kujitolea Kibaale kusini mwa Uganda, akaweka ndani ya leseni ya programu yake ombi la kuwachangia watoto wa kule. Programu iko kwenye kompyuta za mainjinia dunia nzima na ina kijiji cha Uganda ndani yake. Kutoka ni :q alafu Enter, mara mbili, mana watu wamewahi kuzima kompyuta kwa kushindwa kutoka Vim.

Ukitaka kujua kama kuna kitu kisicho huru kimeingia kwenye mashine yako:

sudo apt install check-dfsg-status
check-dfsg-status

Itakutajia kimoja kimoja. Mara nyingi utakuta fayamwea tu.

Hatua ya 6: Onja uhuru namba 1

Hii hatua watu wanaiona ya kitoto lakini usiiruke, kwa sababu bila hii leseni zitabaki makaratasi. Tunachukua programu ndogo ya GNU inaitwa hello, kazi yake ni kusalimia tu, tunaibadilisha isalimie kwetu.

sudo apt install build-essential help2man
sudo apt build-dep hello
apt source hello
cd hello-*/
nano src/hello.c

Ikisema haioni deb-src, fungua /etc/apt/sources.list uone kama ile mistari inayoanza na deb-src imewekewa alama ya # mbele, itoe, alafu apt update tena. Ndani ya nano tafuta kwa Ctrl+W neno Hello, world! ubadilishe liwe Mambo vipi dunia! uhifadhi kwa Ctrl+O, utoke Ctrl+X. Kisha:

./configure
make
./hello

Imekusalimia kwa Kiswahili. Sasa jiulize ungefanya hivyo kwa programu gani ya kununua. Na ukimpa jirani hiyo hello yako ukiwa umeibadilisha, hapo unaingia uhuru namba 3, na hapo ndo kopilefti, lile sharti la kugawa uhuru uleule uliopewa, inaamka usingizini.

Hatua ya 7: Elewa kopilefti inavyouma

Kuna leseni za aina mbili kubwa. MIT na BSD zinasema chukua, fanya unachotaka, acha jina langu tu. Anayechukua anaweza kuifunga kodi aiuze ikiwa imefungwa na wewe usione kitu. GPL inasema chukua, fanya unachotaka, ila ukimgawia mtu mwingine mpe uhuru uleule niliokupa mimi, pamoja na kodi. Ni kama mbegu unayopewa kwa sharti moja kwamba na wewe jirani akija umpe mbegu, sio ugali tu. Wanatumia hakimiliki ileile ambayo kwa kawaida ni ya kukataza, wanaigeuza iwe ya kulazimisha kugawa.

Inafanya kazi kweli? Tazama ruta ya Linksys WRT54G. Ilitoka mwishoni mwa 2002, watu wakagundua ndani yake kuna Linux, keneli iko chini ya GPL toleo la 2, kwa hiyo aliyeuza ruta anatakiwa kutoa kodi. Kelele zikapigwa, mwaka 2003 kodi ikatolewa. Kutoka kwenye kodi hiyo mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, na leo OpenWrt iko kwenye ruta chungu nzima duniani. Mwaka huohuo 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ikampa Harald Welte, mmoja wa wenye kodi kwenye Linux, amri dhidi ya kampuni ya Sitecom iliyokuwa inauza ruta bila kutimiza masharti ya GPL. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema hizi leseni ni za kirafiki tu hazishitaki, mwambie aende Munich.

Hata kwenye data ipo. Ramani Huria, ule mradi uliochora mitaa ya Dar es Salaam yenye mafuriko, kazi yake iko ndani ya OpenStreetMap ambayo tangu 2012 iko chini ya ODbL, leseni ya data yenye sharti lilelile, ukiboresha hiyo hazina ya data na kuitoa hadharani unaitoa kwa masharti yaleyale.

Makosa ninayoyasikia sana sasa. La kwanza, eti GPL huwezi kuuza. Unaweza, kwa bei yoyote unayotaka, leseni yenyewe imesema hivyo. Usichoweza ni kumkataza uliyemuuzia asigawe naye. La pili, eti ukibadilisha programu ya GPL kwa ajili ya ofisi yako lazima uitangaze kwa dunia. Hapana, ukibaki nayo ndani hudaiwi kitu, deni linaanza siku unayotoa nakala nje. La tatu linakuja kwa watu wa seva: GPL ya kawaida haikulazimishi kutoa kodi kama watu wanaitumia programu kupitia mtandao tu bila kupewa nakala. Ukitaka kuziba huo mwanya kuna AGPL, ambayo ukibadilisha programu na watu wanaitumia kupitia mtandao unatakiwa uwape nafasi ya kupata kodi yake.

LGPL ni ya maktaba za kodi, inaruhusu programu iliyofungwa iitumie maktaba bila yenyewe kulazimika kufunguliwa, ila mabadiliko ya maktaba yatolewe.

Hatua ya 8: Weka programu yako chini ya GPL

Tuseme umeandika programu ya kusimamia vikoba, unataka watu waitumie na waiboreshe lakini asije mjanja akaifunga akawauzia walewale.

Kwanza jiulize kama ni yako. Hakimiliki inazaliwa yenyewe ukishaandika, huhitaji kusajili popote ndo ulindwe, ila kama umeiandika ukiwa umeajiriwa na ni sehemu ya kazi, kwa kawaida haki za kuitumia kibiashara zinakwenda kwa mwajiri. Soma mkataba wako. Kama mliandika watatu, wote watatu wakubali, na mkubaliane kwa maandishi hata kama ni washkaji wa toka chekechea, tena hasa kama ni washkaji.

Pili angalia ulivyoazima. Kodi ya MIT na BSD ya kawaida inaingia kwenye GPL bila shida. Apache 2.0 inaingia kwenye GPL toleo la 3 lakini haiingii la 2. Kodi iliyoandikwa GPL toleo la 2 pekee haichanganyiki na la 3. Kitu ulichokikopi mtandaoni hakina leseni yoyote sio cha umma, ni cha mwenyewe na hujaruhusiwa. Kiandike upya au kiache.

Tatu, weka maandishi yote ya leseni kwenye folda ya mradi. Tayari yapo kwenye Debian yako:

cp /usr/share/common-licenses/GPL-3 COPYING

Usiyafupishe wala kuyahariri, na tafsiri ya Kiswahili unaweza kuweka pembeni kwa msaada wa wasomaji ila yenye nguvu ya kisheria ni ya Kiingereza.

Nne, juu ya kila faili la kodi weka mistari miwili, wa kwanza mwaka na jina lako, wa pili leseni kwa kifupi kinachosomeka na mashine:

# SPDX-FileCopyrightText: 2025 Jina Lako
# SPDX-License-Identifier: GPL-3.0-or-later

Hilo neno or-later lina maana, linaruhusu mtu atumie toleo la 3 au lolote litakalokuja. Linus hakuliweka kwenye keneli, ndo maana Linux imebaki toleo la 2 mpaka leo. Mimi naliweka, mana sina uhakika wa kuwapata wachangiaji wote miaka ishirini ijayo kuwaomba ruhusa.

Tano, instoli zana ya reuse kwa apt, ingia kwenye folda ya mradi uandike reuse lint. Itakuonyesha faili ambazo hazina leseni. Itataka pia nakala ya leseni iwe kwenye folda inaitwa LICENSES, andika reuse download GPL-3.0-or-later itaiweka yenyewe. Kwenye README sema kwa Kiswahili cha kawaida leseni ni ipi.

Hatua ya 9: Ukianza kugawa au kuuza

Hapa nawasemesha mafundi. Ukimuuzia mteja laptopu uliyomwekea Debian, au ukisambaza ruta zenye OpenWrt uliyoirekebisha kwa ajili ya waifai ya mtaa, wewe sasa ni mgawaji na leseni inakuangalia. Njia rahisi kuliko zote ni kumpa kodi papo hapo, kwenye flashi ileile au kwenye seva yako pembeni ya faili unalompa. Njia nyingine ni barua ya ahadi kwamba atakayeomba kodi utampa, na ahadi hiyo iwe hai angalau miaka mitatu. Barua inaonekana nyepesi mpaka mwaka wa pili mtu aje kuomba na laptopu uliyotengenezea ilishauzwa. Toa kodi papo hapo umalizane.

Kodi inayotakiwa ni ileile iliyozaa kitu ulichogawa, pamoja na skripti za kuijenga. Ukimwelekeza kwenye tovuti ya OpenWrt kwa ujumla wakati wewe ulibadilisha mafaili manne, hujampa. Na nakala ya leseni iende pamoja na kifaa, karatasi au faili vyote sawa.

Ukikosea, toleo la 2 linakunyang'anya haki palepale unapovunja masharti. La 3 lina huruma kidogo, kama ni kosa lako la kwanza kwa huyo mwenye hakimiliki na ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu akutaarifu, haki zako zinarudi. Kwa hiyo ukipata barua pepe ya mgeni kutoka Ujerumani anauliza kodi ya ruta zako iko wapi, usiitupe kwenye takataka ukidhani ni matapeli. Mjibu siku hiyohiyo, mtumie link, alafu rudi kazini.

Bei je? Weka bei ya kazi, yaani kuinstoli, kurekebisha, kufundisha, kuja site umeme ukikatika na seva ikagoma kuwaka. Mteja wangu mmoja wa vikoba aliniuliza kama nimeshampa kodi yote kwa nini aendelee kunilipa kila mwezi. Nikamwambia hulazimiki, mpe kijana yeyote anayejua Python aendelee nayo. Akafikiri kidogo, akauliza kama napokea kwa M-Pesa au Tigo Pesa.